Safari Rally ya zamani: gari la dukani, ramani na spana

Leo tuziache kompyuta kidogo tuzungumzie magari. Msihofu, kompyuta zitarudi zenyewe kabla hatujamaliza.

Mimi ni wa kizazi kilichoikuta Safari Rally ikiwa hadithi ya wazee. Ilipoondolewa kwenye ratiba ya mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, wengi wa rika langu tulikuwa bado hatujaanza darasa la kwanza au ndiyo tunaanza. Kwa hiyo hamu niliyo nayo ya enzi hizo ni ya kurithi, na kitu cha kurithi ni vizuri kukikagua kabla ya kujivunia.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anatawazwa London, na wapenda magari wa Nairobi wakataka kusherehekea kwa namna yao. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alimshawishi binamu yake Neil Vincent ashindane kwenye uwanja wa Langa Langa. Vincent akakataa. Kuzunguka duara moja mara mia kuna raha gani? Afadhali watoke, waende mbali kabisa, na atakayerudi wa kwanza ndiye mshindi. Basi wazo likawa hilo: Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara zilezile za kawaida, na jina likawa Coronation Safari.

Sasa sikiliza kanuni zake, maana hapo ndipo penye utamu. Gari lilitakiwa liwe kama lilivyotoka dukani. Madaraja hayakupangwa kwa ukubwa wa injini bali kwa bei ya gari! Mwaka ule wa kwanza hata mshindi wa jumla hapakuwa. Jina linalotajwa zaidi ni la Alan Dix, aliyekuja na Volkswagen ya mgongo wa kobe. Hebu fikiria: gari unalopelekea watoto shule Ijumaa, Jumamosi limo mashindanoni.

Upimaji wa muda nao ulikuwa rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuuandikia programu. Kuna vituo njiani, kila kituo kina saa na mtu wa kugonga muhuri kwenye kadi. Ukichelewa dakika, unapewa alama za adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Basi. Hakuna setilaiti, hakuna vipima joto vinavyotuma taarifa kwa wahandisi. Dereva, msoma ramani, na spana chini ya kiti.

Kanuni rahisi nayo huwa na pembe zake. Mwaka 1973, Safari ilipokuwa sehemu ya mashindano mapya ya dunia, Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiwa na Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa baada ya siku kadhaa za vumbi na matope. Afanyeje msimamizi? Waliangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Ushindi ukaenda kwa Mehta, na baadaye aliongeza mingine minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Wenzangu wa programu mnaelewa: aliyeandika kanuni ile aliwaza mapema juu ya jambo ambalo pengine lisingetokea kamwe. Likatokea.

Halafu kulikuwa na mvua. Kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka kwetu ni majira ya masika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff kwenye Peugeot 404. Hapo mtu haulizi nani ana kasi. Anauliza nani bado anatembea.

Ndiyo maana wageni waliteseka. Makampuni ya Ulaya yalileta madereva wao mashuhuri, wakazama kwenye udongo mweusi huku mwenyeji akiwapita polepole. Hadi mwaka 1972, alipofika Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort, hakuna dereva wa ng'ambo aliyekuwa ameshinda. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967. Na kabla yake, 1965, kulikuwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, aliyeshinda na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo ambayo tayari ilikuwa imetumika katika mashindano. Volvo kuukuu! Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Aliingia Safari mara 22, akamaliza 19. Ukiwa na seva inayodumu namna hiyo usiiguse.

Nadhani hii ndiyo siri ya mapenzi ya watu kwa Safari. Ilikuwa inajibu swali la mwananchi: gari hili nikilinunua litanifikisha? Peugeot ilipotoka kwenye matope imesimama, mfanyabiashara wa Nyeri au Moshi aliona kwa macho yake. Haikuwa tangazo. Ilikuwa majaribio, tena hadharani, kwenye barabara yake mwenyewe.

Lakini nilisema tukague urithi. Enzi zinazoitwa za raha hazikuwa za raha kwa kila mtu. Coronation Safari ilianza Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakati wengine wanazunguka nchi tatu kwa furaha, Wakikuyu wengi hawakuweza kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Mwafrika alikuwa mtazamaji kando ya barabara. Na barabara zenyewe hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na lori, ng'ombe, na watoto wanaotoka kisimani. Tukiimba sifa za barabara wazi, tukumbuke nani aliyekuwa akitembea juu yake kwa miguu.

Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Zamani ilikuwa takriban kilomita 5,000. Sasa za kushindania zilikuwa kama 320, kwenye njia zilizofungwa, kila gari likifuatiliwa kwa setilaiti. Hilo la kufunga njia silipingi hata kidogo. Na ardhi yetu haikusahau kazi yake: Thierry Neuville alikuwa anaongoza hadi siku ya mwisho, shokabu ikamfia, na Sébastien Ogier akachukua ushindi kwa Toyota. Hesabu zote za wahandisi zilikuwepo, jiwe nalo lilikuwepo.

Kinachoniuma ni kingine. Mwaka 1953 mwenye gari la bei nafuu alikuwa na daraja lake. Leo gari la daraja la juu linagharimu fedha ambazo gareji nzima ya Industrial Area haiwezi kuota. Kwa hiyo Mwafrika aliyefungiwa nje kwa rangi yake sasa anaweza kufungiwa kwa mfuko wake. Nilifurahi mwaka 2022 kuwaona McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome wakiendesha Ford Fiesta pale Naivasha. Lakini vijana wale walihitaji wafadhili. Joginder alihitaji Volvo kuukuu na ujuzi wa mikono yake.

Maoni yangu ni haya: tusitamani kurudisha hatari wala ubaguzi wa zamani. Turudishe kanuni moja tu, ile ya kupanga magari kwa bei yake. Liwepo daraja la magari ya kawaida, Probox na Vitz, njia ikiwa imefungwa na kofia ngumu kichwani, na fundi wa Kariobangi aruhusiwe kuingia na alichokitengeneza mwenyewe. Kama watu wa 1953 waliweza kuiandika kanuni hiyo kwa kalamu na karatasi, sisi wenye kompyuta tunashindwaje?

Wewe ungeingia na gari gani?