Miungu ya Wayunani na Warumi wa Kale

Kila tuandikapo barua mwanzoni mwa mwaka, twaweka juu yake neno Januari, wala si wengi wetu wajiulizao neno hilo limetoka wapi. Limetoka kwa Janus, mungu wa Warumi wa kale, mlinzi wa milango na wa kila mwanzo, ambaye walimchonga mwenye nyuso mbili, mmoja ukitazama mbele na wa pili ukitazama nyuma. Machi ni mwezi wa Mars, mungu wa vita. Na Juni, kama Warumi wengi walivyosema wenyewe, ni mwezi wa Juno, malkia wa miungu. Basi miungu hao, ambao moto wa madhabahu zao ulizimwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, wangali wakitajwa vinywani mwetu na katika almanaka zitundikwazo ukutani. Kwa hiyo twaona si kazi bure kusimulia habari zao: walikuwa nani, watu waliwatumikiaje, na kwa nini mwisho waliachwa.

Tunayo na sababu ya pili. Tulipokuwa tukifundisha habari hizi darasani, kijana mmoja alicheka sana, akasema watu hao walikuwa wajinga. Tukamwuliza: Je, ni wajinga waliojenga majumba ya mawe ambayo mafundi wa leo husafiri mbali kwenda kuyatazama? Ni wajinga waliowaachia walimwengu elimu ya hesabu na ya utawala wa miji? Kijana akanyamaza. Na sisi pia tuliporudi nyumbani tulilifikiri sana jambo hilo. Ilikuwaje watu wenye akili nyingi namna hiyo kuchinja ng'ombe mbele ya sanamu?

Kwanza yafaa tujue ya kuwa Wayunani hawakuwa na kitabu kimoja cha dini, wala nabii. Habari za miungu yao walizipokea kwa washairi. Aliyesifiwa kuliko wote ni Homer, mwenye tungo mbili ndefu, Iliad na Odyssey; na karibu na zamani zake, yapata mwaka 700 kabla ya Kristo, alikuwako Hesiod, aliyetunga nasaba ya miungu wote. Hesiod asimulia ya kuwa Kronos alimpindua baba yake, kisha akaambiwa kwamba yeye naye atapinduliwa na mwanawe. Kwa hofu hiyo akawa akiwameza watoto wake kila walipozaliwa. Lakini mkewe Rhea alimficha wa mwisho, Zeus, katika kisiwa cha Krete, akampa mumewe jiwe lililofungwa katika nguo za mtoto mchanga, naye akalimeza. Zeus alipokua, Kronos alitapishwa watoto wale, na baada ya vita vya miaka 10 Zeus akatawala. Ndipo ndugu watatu walipopiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon akapata bahari, na Hades akapata nchi ya wafu iliyo chini. Makao yao yalikuwa juu ya mlima Olympus, ambao upo hata leo katika nchi ya Wayunani, na kimo chake ni mita 2,917.

Wengine waliokaa na Zeus ni hawa: Hera mkewe, Athena, mwenye hekima na vita, ambaye mji wa Athene uliitwa kwa jina lake, Apollo, wa uaguzi na muziki, Artemis, wa mwitu na uwindaji, Aphrodite, wa mapenzi, Ares, wa vita vya kumwaga damu, Hermes, mjumbe, Hephaestus, mhunzi mwenye kuchechemea, na Demeter, wa nafaka. Warumi walipokutana na Wayunani, waliona miungu yao yafanana na ya wenzao, wakawalinganisha: Zeus wakamfanya mmoja na Jupiter, Hera na Juno, Athena na Minerva, Artemis na Diana, Aphrodite na Venus, Ares na Mars, Hermes na Mercury. Nyota ile tuiitayo Zuhura, Wazungu huiita Venus mpaka leo. Na Mshtarii huiita Jupiter.

Msomaji ataona kwamba miungu hao walikuwa kama wanadamu. Waligombana, walioneana wivu, walidanganyana, na Zeus mwenyewe hakuwa mwaminifu kwa mkewe. Walipita wanadamu kwa nguvu, na kwa kuwa hawafi. Kwa tabia njema hawakuwapita. Tusidhani Wayunani wenyewe hawakuliona jambo hilo. Miaka 500 na zaidi kabla ya Kristo, mtu mmoja aitwaye Xenophanes aliwalaumu washairi kwa kuwavika miungu aibu zote za wanadamu. Alisema ya kwamba Waethiopia huwafanya miungu yao weusi wenye pua bapa, na Wathrake huwafanya wao wenye macho ya rangi ya mbingu na nywele nyekundu. Na kama ng'ombe na farasi wangalikuwa na mikono ya kuchora, farasi wangaliwachora miungu kama farasi, na ng'ombe kama ng'ombe. Maneno hayo yalisemwa na mpagani kati ya wapagani. Lakini si wote waliovumiliwa kwa maswali kama hayo. Mwaka 399 kabla ya Kristo, watu wa Athene walimhukumu Socrates kunywa sumu, na mashtaka mojawapo yalikuwa kwamba hawakubali miungu ya mji.

Kwa nini basi watu wakawashika? Ni kwa sababu dini hiyo haikumwuliza mtu moyoni anasadiki nini. Ilimtaka atimize wajibu wake: mnyama asiye na kilema, maneno yaliyo sawasawa, siku iliyowekwa. Ilikuwa biashara ya nipe nikupe. Baharia alimpa Poseidon sadaka ili arudi salama, na mkulima alimpa Demeter ili shayiri izae. Mnyama alipochinjwa, mifupa na mafuta yaliteketezwa kwa ajili ya mungu, na nyama wakala watu. Kwa wengi maskini, sikukuu ya miungu ndiyo siku ya kuonja nyama. Kwa hiyo twaweza kufahamu kwa nini Mtume Paulo alilazimika kuwaandikia Wakorintho habari ndefu juu ya nyama zilizotolewa sadaka kwa sanamu. Kukataa nyama ile kulikuwa ni kujitenga na jirani, na karamu, na mji mzima.

Katika Rumi mambo hayo yalikuwa kazi ya serikali. Wanawali 6 walilinda moto wa Vesta usizimike, kila mmoja kwa muda wa miaka 30. Na aliyevunja ubikira wake alizikwa hai. Hatari ilipozidi, mungu mpya aliongezwa. Mwaka 204 kabla ya Kristo, Hannibal alipokuwa angali katika nchi yao na jeshi lake, Warumi walileta kutoka Asia jiwe jeusi la Cybele, mama wa miungu, wakalipokea kwa heshima kubwa. Hatimaye waliwaongeza hata watawala wao. Mwaka 42 kabla ya Kristo, baraza la wazee lilitangaza kwamba Julius Caesar, aliyeuawa miaka miwili kabla, ni mungu.

Twende sasa Listra, mji tuusomao katika Matendo ya Mitume. Paulo alimponya kiwete tangu kuzaliwa, na watu wakapaza sauti kwamba miungu wameshuka. Barnaba wakamwita Zeus, na Paulo wakamwita Hermes kwa kuwa ndiye msemaji. Ndio Zeu na Herme wa Biblia yetu. Kuhani akaleta ng'ombe na taji za maua. Wengi husoma habari hiyo wakastaajabu kwa nini watu wale walifanya haraka hivyo. Lakini mshairi Mrumi Ovid, karibu na mwaka 8 baada ya Kristo, aliandika kisa cha nchi ya Frigia iliyo jirani na Listra. Asema Jupiter na Mercury walikuja kama wasafiri, wakabisha hodi katika nyumba elfu, na kote wakafungiwa mlango. Wazee wawili maskini tu, Filemoni na mkewe Baucis, ndio waliowakaribisha, wakataka hata kumchinja bata bukini wao wa pekee. Miungu wakawapandisha mlimani, na walipogeuka nyuma waliona nchi yote ya majirani imefunikwa na maji, isipokuwa kibanda chao kilichogeuzwa hekalu. Wazee wale waliomba jambo moja tu, kwamba wafe saa moja, asimzike mmoja mwenziwe. Nao wakageuzwa miti miwili iliyosimama pamoja. Karibu na Listra yameonekana pia mawe ya kale yenye kuandikwa majina ya Zeus na Hermes pamoja. Basi yaelekea watu wa Listra walikuwa wakiogopa kurudia kosa la wale waliowafungia wageni mlango. Nani kati yetu, aliyelelewa kumheshimu mgeni, atawacheka kwa hofu hiyo?

Efeso mambo yalikuwa mengine. Huko lilikuwako hekalu la Artemis, mojawapo ya maajabu saba ya dunia. Lililotangulia lilichomwa moto mwaka 356 kabla ya Kristo na mtu aitwaye Herostratus, aliyetaka tu jina lake lijulikane. Likajengwa tena, na Pliny Mrumi aandika kwamba lilikuwa na nguzo 127, kila moja yapata mita 18. Wasafiri walikuja toka mbali, na mafundi wa fedha wakawauzia vihekalu vidogo. Paulo alipohubiri kwamba vitu vifanywavyo kwa mikono si miungu, fundi Demetrio aliwakusanya wenzake, akaanza kwa kuwakumbusha faida ya kazi yao. Habari ya heshima ya Artemis akaileta baadaye. Watu wakapiga kelele katika theatro kwa muda wa saa mbili, na wengi wao hawakujua wamekusanyikia nini. Sisi twafikiri Demetrio alistahili kuogopwa kuliko makuhani, maana riziki yake ilitoka katika kazi ile, na mtu atishwaye riziki yake hutafuta upesi neno takatifu la kujikinga.

Miungu hao hawakuanguka kwa siku moja. Mwaka 313 Konstantino na mwenziwe Licinius waliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Mwaka 382 mfalme Gratian aliiondoa madhabahu ya Ushindi katika nyumba ya baraza la Rumi. Miaka miwili baadaye liwali wa mji, Symmachus, aliandika kumsihi mfalme kijana Valentinian airudishe. Alisema kwamba siri kubwa namna hiyo haifikiwi kwa njia moja tu, na kwamba wazee huomba waachiwe yale waliyoyapokea kwa baba zao. Ambrose, askofu wa Milan, akajibu kwamba Hannibal alipofika kwenye kuta za Rumi miungu hao walikuwapo na hawakumzuia upesi. Madhabahu haikurudishwa, na mwaka 391 Theodosius akakataza sadaka zote.

Lazima tuseme kweli yote. Wakristo walioteswa zamani, walipopata nguvu, si wote waliokumbuka mateso yao. Mahekalu mengine yalibomolewa na makundi ya watu. Na katika mji wa Iskanderia, mwaka 415, kundi la Wakristo lilimwua Hypatia, mwanamke mpagani mwenye elimu kubwa ya hesabu. Mengine yalipona kwa kubadilishiwa kazi: Pantheon ya Rumi, iliyojengwa upya na mfalme Hadrian, ilifanywa kanisa mwaka 609, nayo yasimama mpaka leo.

Sasa twaweza kumjibu kijana wetu. Watu hao hawakuwa wajinga. Waliogopa bahari, njaa, vita na kifo, nasi tungali twaviogopa. Wakatafuta wa kuwashika mkono. Tena habari hizi zatufundisha kwamba mataifa ya Ulaya, ambao wengine wao walipofika kwetu waliwadharau wazee wetu kwa matambiko yao, nao walikuwa na mababu waliochinja kwa miungu wengi. Hakuna taifa lililozaliwa likiisha kujua. Basi tuwasimulie watoto habari za wazee wao kwa adabu, kama Wayunani na Warumi wanavyosimuliwa vitabuni.

Na hekalu la Efeso? Wagothi waliliharibu baada ya mwaka 260, kisha matope na maji vikalifunika, hata mahali pake pakasahauliwa. Mwingereza John Turtle Wood alianza kulitafuta mwaka 1863, akalipata mwaka 1869 baada ya kuchimba muda wa miaka 6. Leo imesimamishwa pale nguzo moja tu, ya vipande vilivyookotwa, na juu yake korongo hujenga kiota.