Supachaja: kutoka kinu cha sufu hadi pikapu

Mwaka 1999 Ford ilianza kuuza pikapu ya F-150 SVT Lightning ikiwa na supachaja, mtambo unaosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, iliyofungwa kiwandani. Injini yake, V8 ya lita 5.4, ilitoa nguvu za farasi 360, na kufikia 2001 zikawa 380. Asili ya mtambo huo, hata hivyo, haina uhusiano na magari.

Ndugu wawili wa Connersville, Indiana, Philander na Francis Roots, walikuwa na kinu cha sufu. Wakitafuta mbadala wa gurudumu la maji, waliunda chombo chenye rota mbili zinazozunguka zikielekeana, wakagundua kuwa kinasukuma hewa kwa nguvu. Walipata hataza mwaka 1860, na baadaye kikatumika kupuliza matanuri ya chuma.

Mwaka 1921 Mercedes ilionyesha mjini Berlin magari ya kuuzwa yenye supachaja. Mwaka 1938 General Motors ikatoa dizeli za mipigo miwili, ambazo bila kipulizio cha aina ya Roots haziwezi kutoa moshi wala kuvuta hewa safi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafundi wa California walivifungua vipulizio hivyo na kuvifunga kwenye V8 za mashindano.

Turbo, mtambo mwingine wa kusukuma hewa, huzungushwa na moshi wa ekzosi. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye kranki, ndiyo maana huitikia mara dereva anapokanyaga mafuta. Ile ya Lightning, Eaton M112, husukuma takriban lita 1.8 za hewa kila inapozunguka mara moja. Lakini hewa iliyobanwa hupata joto, na joto likizidi petroli huwaka kabla ya wakati: injini hugonga, pistoni zikatoboka. Ford ilijikinga kwa kupunguza kompresheni hadi 8.4 kwa 1, kuweka intakula ya kupoza hewa kwa maji, na kutumia kranki ya chuma kilichofuliwa.

Toyota ilifuata nchini Australia mwaka 2008 kwa Hilux ya TRD, V6 ya lita 4.0 yenye supachaja na nguvu ya kilowati 225.

Anayetaka kuiongezea pikapu yake nguvu kwa njia hii aanze na pistoni, mafuta na upoozaji. Supachaja yenyewe ifungwe mwisho, injini ikiwa tayari kuibeba.