Ulindi na Uwimbombo

Kamusi zetu zingali zimehifadhi maneno mawili ambayo vijana wengi hawajapata kuyasikia yakitamkwa: ulindi na uwimbombo. Ulindi ni kijiti kigumu kilichonyooka. Uwimbombo ni kipande cha mti laini kinacholazwa chini, chenye kishimo. Ulindi husimamishwa kishimoni ukazungushwa baina ya viganja, na kazi hiyo ndiyo kupekecha moto. Neno hilohilo twalitumia kwa mchonganishi: naye hupekecha watu mpaka wakawaka.

Kiberiti ni mgeni wa juzi. Jina lake limetoka Kiarabu, ambako kibriti ni salfa. Njiti za kusugua zilianza kuuzwa na John Walker, mfamasia wa Stockton-on-Tees, Uingereza, mwaka 1827. Moto wenyewe, hata hivyo, ni wa kale: pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, lina majivu na mifupa iliyoungua ya miaka milioni moja hivi. Lakini majivu hayo yanatuonyesha watu walioutumia moto tu. Kuutunza ni kazi moja, kuuzaa ni nyingine, na vifaa vya kuuzalia vilikuwa vya mti, navyo huoza. Ndiyo maana nakithamini sana kile kilichotoka katika kaburi la Farao Tutankhamun, Misri, lililogunduliwa mwaka 1922: kijiti cha kuzungushwa kwa upinde, na ubao wenye safu za vishimo vilivyotiwa utomvu ili msuguano uongezeke.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, bado hupekecha kwa viganja vitupu. Anayemfuata ndege mlembe mpaka kwenye mbuyu wenye asali hana budi kupata moshi wa kuwatuliza nyuki. Viganja huanzia juu ya kijiti, hukandamiza vikizungusha, huteremka. Vikifika chini, mwenzake hudaka juu kabla joto halijapotea. Unga wa mti hutoka wa kahawia, kisha mweusi, ukajikusanya kwenye mkato ulio ubavuni mwa kishimo. Mgeni husubiri aone mwali ukiruka kutoka mtini. Hauruki. Ni ule unga unaoanza kufuka wenyewe, kaa dogo lisilozidi punje ya mtama, likadondoshwa kwenye nyasi kavu, likafumbatwa na kupulizwa taratibu mpaka nyasi zishike. Mti ukiwa na unyevu, nguvu zote za mikono ni bure. Ustadi mkubwa umo katika kuchagua mti na kuukausha.

Wamaasai waliupa moto huu kazi nzito zaidi. Rika jipya la morani linapoundwa, wazee wa rika la pili juu yao ndio huwapekechea moto, na tangu hapo huwa walezi wao: huwaonya, huwaelekeza, na wanaweza kuwalaani wakikosa adabu. Uhusiano huo umepewa jina la kijiti chenyewe, olpiron.