Dizeli ya kisasa imeishiwa nguvu? Usikimbilie kununua turbo

Jirani yangu ana Hilux 3.0 D-4D ya mwaka 2008, ile ya injini ya 1KD. Alikuwa anapeleka familia Njombe, kufika mlima Kitonga gari ikagoma kuvuta. Taa ya injini ikawaka, mshale wa mizunguko hauvuki 2,500 hata ukanyage mpaka chini, na nyuma yake lori la kontena linapiga honi. Alipofika Iringa fundi akasikiliza dakika mbili akatoa hukumu: turbo imekufa, tafuta milioni 2 na nusu. Jamaa akaanza kukopa. Kumbe ulikuwa mpira wa intakula umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uingize mkono.

Kwanza tuelewane. Dizeli za zamani kama 2L au 1HZ zikichoka zinachoka taratibu. Hizi za komoni reli zina kompyuta, na kompyuta ikiona kipimo hakieleweki inabana nguvu yenyewe ili injini isiharibike. Ndiyo maana unazima gari, unawasha, inavuta vizuri kilomita kadhaa halafu inarudia. Hiyo ni dalili kwamba injini yenyewe huenda ni nzima, ila kuna kitu kimeishtua kompyuta.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma kodi kabla hujafungua nati yoyote. Siku hizi kuna vile vidude vidogo vya Bluetooth unachomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu, bei yake haimuumizi mwenye gari. Lakini jamani, kodi siyo jina la spea! P0299 maana yake turbo haisukumi hewa ya kutosha, haisemi kwamba turbo ni mbovu. P0087 maana yake presha ya mafuta kwenye reli iko chini, na mara nyingi kinachosababisha ni filta tu. P0401 ni hewa ya moshi haipiti sawasawa kwenye mfumo wa EGR, yaani masizi.

Ukiwa na hicho kidude, jaribu hiki kitu ambacho mafundi wengi hawakifanyi. Washa swichi bila kuwasha injini, soma presha ya hewa kwenye manifoldi. Dar es Salaam inatakiwa iwe karibu kPa 101, Nairobi au Iringa kwa sababu ya mwinuko iwe kama 83 hivi. Ikisoma namba ya ajabu, sensa au waya wake ndio wa kuangaliwa. Ikiwa sawa, panda nayo mlima huku mwenzako anasoma (wewe angalia barabara). Ukikanyaga sana, turbo nzima kwenye injini nyingi za aina hii inavusha 200. Ikibaki 110 au 120, hewa inavuja au turbo haifanyi kazi yake.

Moshi nao unaongea. Mweusi tii maana yake mafuta yapo, hewa haitoshi: filta ya hewa imeziba, mpira umepasuka, au vali ya EGR imeganda ikiwa wazi. Gari haina nguvu na haitoi moshi wowote, hapo shuku mafuta hayafiki. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe unaochoma macho ni mafuta yasiyoungua, angalia nozeli. Mweupe huku maji ya rejeta yanapungua, hiyo ni gasketi ya hedi na hapo utalia kidogo.

Tuanze na hewa maana ndiyo rahisi. Pitisha mkono kwenye mipira yote kutoka turbo hadi intakula hadi manifoldi. Ukikuta sehemu ina utando wa oili na vumbi limegandia, shuku hapo, hewa inatoka na oili kidogo. Paka maji ya sabuni, mtu akanyage moto kidogo, mapovu yatasema. Angalia klipu. Kama turbo yako inaendeshwa kwa vakyumu, angalia vile vimipira vyembamba kama mrija wa soda. Kimoja kikichomoka gari inakuwa konokono, na bei yake ni hela ya chai. Baada ya hapo ndipo uangalie kama mapezi ya ndani ya turbo yameganda kwa masizi. Mara nyingi yanasafishika.

Sasa mafuta, na hapa ndipo kwetu kuna mambo. Mchezo wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa tunaujua wote, mpaka serikali ya Tanzania ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili bei zikaribiane, na Kenya nao wakafanya hivyo 2018. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri, na pampu ya komoni reli inalainishwa na mafuta yenyewe. Ikisagika, vumbi la chuma linakwenda mpaka kwenye nozeli. Basi toa maji kwenye filta, halafu weka filta mpya yenye ubora. Ile ya zamani ipasue uangalie ndani. Ukiona chenga zinazong'aa, simama, usiweke nozeli mpya hata moja kabla pampu, reli na tangi havijashughulikiwa. Kama hakuna chenga na presha bado iko chini, angalia vali ndogo ya kwenye pampu inayoitwa SCV, ni ugonjwa unaojulikana kwenye pampu za Denso. Nozeli zinapimwa kwa marejesho: kila moja unaiwekea kichupa chake, na ile inayojaza haraka kuliko wenzake ndiyo inavuja. Ukibadilisha, nyingi zina namba ambayo lazima iingizwe kwenye kompyuta, la sivyo gari itagonga na wewe utasema umeuziwa feki.

ONYO, na hili nalisema kwa herufi kubwa makusudi. Zile mbinu za 2L, kulegeza paipu ya nozeli injini ikiwa inaunguruma ili kujua silinda ipi haifanyi kazi, USIFANYE kwenye komoni reli. Humo presha inaweza kufika bar 1,600 na zaidi. Mafuta yakitoka kwenye kitundu yanapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo sana na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Ikitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama haiumi.

Ya mwisho ni ekzosi. Gari kama Mazda CX-5 ya dizeli ina chujio la masizi, DPF. Linajisafisha kwa kuchoma masizi, na linahitaji safari ndefu yenye mwendo. Ukiwa mtu wa foleni za mjini kila siku halipati nafasi, linaziba na nguvu inakata. Kibaya zaidi, mafuta ya ziada ya kuchomea masizi yanashuka kwenye oili. Chomoa dipstiki: oili ikiwa imepanda mpaka alama ya X, usiendelee kutembea, mwaga uweke mpya, kisha tafuta kwa nini haijisafishi.

Jirani aliishia kununua mpira na klipu 2, jumla elfu 85. Januari alirudi Dar na mzigo wa viazi nyuma. Wenye CX-5 za dizeli huko Nairobi na Arusha, semeni ninyi mmekutana na nini.