Nani Analipia Mabati Kumi na Mawili?

Masika yakija na upepo, mabati hung'oka Kibaha kama yanavyong'oka Kisarawe. Kinachotofautiana ni mkono unaoingia mfukoni. Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu Kwa Mathias, Kibaha, iliyojengwa kwa mkopo. Benki ilitaka ikatiwe bima, mwenye nyumba akasaini hati bila kuisoma. Upepo umeondoka na mabati kumi na mawili na baadhi ya kenchi, na fundi anataka laki sita.

Hati inasema mwenye bima atabeba mwenyewe asilimia 10 ya kila hasara, isipungue laki tano. Namba hizi ni za mfano, kila kampuni ina zake, ila muundo ndio huo. Asilimia 10 ya laki sita ni elfu sitini tu, kwa hiyo kinachomshika ni kima cha chini: yeye laki tano, kampuni laki moja. Na kama nyumba ya milioni 40 iliandikishwa kwa milioni 20 ili ada iwe nafuu, hasara nayo huhesabiwa nusu, laki tatu, ambayo haifikii hata kima chenyewe. Hapati kitu, na mtaa mzima utasikia kwamba bima ni wizi. Mimi naona alinunua bima ya nyumba kuteketea, akadhani amenunua bima ya paa.

Desturi hii ya kutolipa hasara ndogo ilitoka baharini. Mwaka 1749 wakatia bima wa Lloyd's, London, waliingiza kwenye hati zao kifungu kilichosema hasara ya sukari au tumbaku isiyofika asilimia 5 hailipwi. Kwa meli na mizigo mingine mingi, asilimia 3. Sukari hulowa kidogo safarini hata bahari ikiwa shwari, na hilo si janga. Lakini wazee hao walikuwa na ukarimu ambao hati za leo hazina: hasara ikishafika kiwango, ililipwa yote bila kukatwa.

Vijijini Kisarawe, kwenye nyumba za miti na udongo, mambo huenda hivi. Ukuta ukianguka, mwenye nyumba hutafuta nguzo, fito na kamba, na siku ya kukandika hupika. Watu huja asubuhi. Hawa wanakanyaga udongo, wale wanateka maji, watoto wanapitisha madonge. Fito na sufuria ya wali ndiyo sehemu anayobeba mwenyewe, nguvu ni za wenzake. Wala hakuna anayeita majirani kwa ajili ya ufa. Ufa utauziba mwenyewe. Kiwango hakikuandikwa popote, na hakuna asiyekijua. Ubaya wake ni kwamba ada hudaiwa kwa kukumbukwa: ambaye hajawahi kwenda kukandika kwa wenzake ataona watu wachache siku yake. Tena ukuta wa tofali hauhitaji mikono mingi, unahitaji saruji, na saruji ni fedha taslimu.

Kati ya njia hizo mbili, hati ya bima na mikono ya majirani, kuna kikundi cha kufa na kuzikana. Hapa ndipo nyongeza za bima hueleweka vizuri kuliko kwa wakala yeyote. Katiba inataja mume au mke, watoto na wazazi; halafu mkutano unawaka moto kwenye suala la wakwe. Waingie? Basi mchango upande. Wasiingie? Basi mtu asije kulia hapa mama mkwe akifa. Hati ya moto ni vivyo hivyo: moto na radi vimo, lakini dhoruba, mafuriko, tetemeko na wizi mara nyingi huongezwa kwa kulipiwa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024, aliyekuwa na bima ya moto tupu hakuwa na la kudai kwa upepo.

Mchango wa pamoja wa namna hii una nafasi hata katika sheria ya Kiislamu. Mafakihi waliokutana Jeddah mwaka 1985 waliikataa bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari, yaani kutojulikana kulikopita kiasi ndani ya mkataba, wakaruhusu ya ushirikiano, ambamo michango ni hiba ya washiriki. Takafuli, yaani bima hiyo ya ushirikiano, nayo yaweza kuwa na kima cha kubeba mwenyewe. Tofauti ni kwamba kima hicho kinalinda mfuko wa wenzako, na ziada yaweza kurudi kwao. Kwa hilo iko karibu zaidi na kikundi cha mtaani kuliko na Lloyd's.

Hati ya kampuni haina mkutano mkuu, ina siku ya kuhuishwa. Siku hiyo ningemshauri yule wa Kwa Mathias aandikishe gharama kamili ya kuijenga nyumba upya, akubali kima kikubwa ili ada ishuke, ahakikishe dhoruba bado imo, na mafuriko ayalipie tu kama anakaa bondeni. Alichookoa kwenye ada akipeleke kikundini. Katiba za vikundi vingi zinataja msiba na ugonjwa, paa hazilitaji, kwa hiyo itabidi alete hoja, na ajiandae kuulizwa kama mabati ya banda la kuku nayo yamo.