Herufi kama Mahali: Kiebrania cha Jukwaani katika Dybbuk ya Habima, 1922

Katika Kabala, yaani elimu ya batini ya Wayahudi, herufi si alama ya sauti tu. Kitabu kikongwe cha Sefer Yetzirah kinaeleza kuwa Mungu aliumba ulimwengu kwa herufi 22 za Kiebrania. Historia ya tamthilia ya Dybbuk inaonyesha jinsi itikadi hiyo ilivyoingia jukwaani, na jinsi herufi zilivyokuja kuhifadhi mahali palipotoweka.

Kati ya mwaka 1912 na 1914, mwandishi S. An-sky aliongoza msafara wa kukusanya ngano, nyimbo na mila katika miji midogo ya Wayahudi ya Volhynia na Podolia, ndani ya dola ya Urusi. Tamthilia yake ilichota humo. Khonen, mwanafunzi maskini, anazama katika Kabala ili ampate Leah. Anafariki, na roho yake inampagaa binti huyo siku ya harusi yake na mwingine. Khonen hulipigia hesabu jina la mpenzi wake: lamed 30, alef 1, he 5, jumla 36. Idadi hiyo ni mara mbili ya 18, thamani ya neno la Kiebrania lenye maana ya “hai”, ambalo lina asili moja na hai ya Kiswahili iliyopitia Kiarabu. Anayeijua hesabu ya abjadi ya Kiarabu ataona kuwa lam, alif na ha zina thamani zilezile.

An-sky alifariki mwaka 1920 kabla ya kuiona kazi yake jukwaani. Siku 30 baadaye, Kundi la Vilna liliiigiza kwa Kiyidi mjini Warsaw. Mwaka 1922, kundi la Habima liliiigiza Moscow kwa Kiebrania, katika tafsiri ya mshairi Bialik. Mwongozaji, Yevgeny Vakhtangov, hakukijua Kiebrania. Kwake, kama kwa watazamaji wengi, matamshi yalifika kwanza kama sauti, mapigo na mwendo wa miili. Maana ilifuata baadaye.

Uteuzi huo wa lugha ulikuwa na gharama. Wakomunisti wa Kiyahudi walikipiga vita Kiebrania wakikiona lugha ya dini na ya mabwanyenye, huku wakikiunga mkono Kiyidi. Habima iliondoka mwaka 1926 kwa ziara za nje, isirejee tena. Baadaye, Vita vya Pili vya Dunia viliziangamiza jumuiya ambazo An-sky alizitembelea.

Thieta ya mahali maalumu huipeleka hadhira kwenye jengo au mtaa wenye kisa. Dybbuk ilifuata njia ya kinyume: sinagogi la kale la onyesho la kwanza lilisafirishwa ndani ya lugha. Waliolisikia baada ya vita hawakuwa na mji wa kuurudia. Walibaki na herufi.