Kutoka Shule ya Kurejea hadi Shule ya Kuishi: Usalama wa Mtoto Mkimbizi Katika Mwambao wa Ziwa Mweru, Zambia

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya elimu ya watoto wakimbizi wa Kongo katika upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, kuanzia kambi za Mwange na Kala hadi makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge. Hoja yake ni kwamba shule ya mkimbizi haiwi salama kwa kuwa mbali na bunduki tu. Usalama wake hutegemea pia jibu la swali moja: mtoto huyu anasomeshwa ili aishi wapi? Mwange na Kala zilijibu "kwao"; Mantapala imejibu "hapa". Kila jibu limeondoa hatari moja na kuzaa nyingine.

1.0 Utangulizi

Mpaka unaopita katika Ziwa Mweru ulichorwa kwa mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II, aliyekuwa mtawala wa Dola Huru ya Kongo. Mkataba huo uligawa maji, haukugawa watu. Wabwile na Washila waliendelea kuwa na jamaa pande zote mbili, wavuvi waliendelea kuvuka, na Kibemba kiliendelea kusikika Pweto kama kinavyosikika Nchelenge. Kiswahili nacho kilikuwa kimekwisha kufika huku kwa misafara ya karne ya 19. Upande wa magharibi kilipata nguvu kwa kukua kwa miji ya migodi ya Katanga. Upande wa mashariki kilififia mbele ya Kibemba na Kiingereza. Tofauti hiyo ndiyo inayomkuta leo mtoto mkimbizi mlangoni mwa darasa.

Mjadala wa kimataifa kuhusu shule salama umekua hatua kwa hatua. Ripoti ya Graça Machel kwa Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 ilifichua madhara ya vita kwa watoto. Azimio namba 1998 la Baraza la Usalama, la mwaka 2011, lilifanya mashambulizi dhidi ya shule kuwa sababu ya kundi kutajwa katika orodha ya wakiukaji wa haki za watoto. Mwaka 2015 lilizinduliwa mjini Oslo Tamko la Shule Salama, ambalo Kongo ililiunga mkono mwaka 2016. Mkazo wa nyaraka hizi uko zaidi kwenye shule iliyo vitani. Shule inayompokea mtoto aliyekwisha kukimbia vita haijapewa uzito uleule, na ndiyo inayochunguzwa hapa.

2.0 Shule ya kurejea: Mwange na Kala

Vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 1998. Mkataba wa kusitisha mapigano ulitiwa saini Lusaka Julai 1999, lakini haukuwazuia waasi na washirika wao kutoka Rwanda kuuteka mji wa Pweto mwezi Desemba 2000. Raia na askari walivuka kwa pamoja kuingia Zambia. Wakimbizi walipelekwa Mwange, wilayani Mporokoso, kambi iliyofunguliwa mwaka 1999, na Kala, wilayani Kawambwa, iliyofunguliwa mwaka 2000.

Kuziweka kambi ndani ya nchi kuliafiki mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, unaozitaka nchi wenyeji kuwaweka wakimbizi umbali wa kutosha kutoka mpakani. Zambia ilikuwa na sababu yake ya kuujua umuhimu wa sharti hilo: mwaka 1978 ndege za Rhodesia zilishambulia kambi za wapigania uhuru wa Zimbabwe ndani ya ardhi yake. Kwa maana hii ya kwanza ya usalama, yaani umbali na silaha, kambi hizi zilifaulu.

Shule zake zilifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, zikifundishwa na wakimbizi wenyewe. Mtoto alikaa darasani na mwalimu aliyemwelewa, na safari za kurejea zilipoanza mwaka 2007 aliondoka na elimu iliyotambulika kwao. Hata hivyo, mwenyeji wa jirani hakuwa na nafasi katika shule hizo, na zilikuwa na uhai wa kambi tu. Kambi zilipofungwa mwaka 2010, mfumo wa elimu uliojengwa kwa muongo mmoja ulifungwa nazo.

Udhaifu wa shule ya kurejea huonekana zaidi pale kurejea kunapochelewa. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 na imeendelea kufuata mtaala wa Kongo. Wapo waliozaliwa humo wakamaliza masomo kwa mtaala wa nchi wasiyowahi kuiona.

3.0 Kuvuka tena: 2017

Amani iliyowarudisha watu haikudumu. Katika eneo la Pweto, Manono na Mitwaba, kundi la Bakata-Katanga lilichoma vijiji, hasa baada ya kiongozi wake, Gédéon Kyungu Mutanga, kutoroka gerezani mwaka 2011. Katika Tanganyika, mapigano kati ya Wabatwa na Waluba yalipamba moto mwaka 2016, na shule zikawa miongoni mwa majengo yaliyoteketezwa. Kuanzia tarehe 30 Agosti 2017, zaidi ya wakimbizi 3,300 waliingia kaskazini mwa Zambia katika muda wa takriban mwezi mmoja. Kiasi cha asilimia 60 walikuwa watoto. Walipokewa katika kituo cha muda cha Kenani, na mwanzoni mwa 2018 wakaanza kuhamishiwa Mantapala.

4.0 Shule ya kuishi: Mantapala

Mantapala haikuanzishwa kama kambi. Ilipangwa kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wangetumia pamoja ardhi, zahanati na shule, kwa kuufuata mpango mpana wa kuwahudumia wakimbizi ambao Zambia iliukubali mwaka 2017. Mwaka huohuo Sheria mpya ya Wakimbizi ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1970, ambayo hata jina lake lilizungumzia udhibiti. Masomo yaliyoanzia katika mahema yaliwekwa chini ya mtaala wa Zambia.

Hatua hii ni kubwa zaidi ikitazamwa kihistoria. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwezi Septemba 1969, iliweka sharti kwamba kifungu cha 22 kuhusu elimu ya msingi itakichukua kama pendekezo tu, si wajibu unaoibana. Mantapala ni mahali ambapo vitendo vimeitangulia sheria.

Faida ya kiusalama iko wazi. Shule inayosomesha watoto wa pande zote ina walinzi wengi, kwa kuwa mzazi mwenyeji hawezi kuionea kijicho shule ambayo mwanawe anaisoma. Hekima ya wahenga, "mgeni njoo mwenyeji apone", hapa inapata umbo la kisera: msaada unaomfuata mgeni unabaki kama darasa la wilaya, hata mgeni akirejea kwao.

5.0 Lugha kama suala la usalama

Hatari mpya imo ndani ya darasa lenyewe. Mtaala ulioanza kutumika Zambia mwaka 2014 uliagiza madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo, ambayo Luapula ni Kibemba, kisha Kiingereza kishike nafasi. Mtoto wa Pweto anayejua Kibemba ana pa kushika. Mtoto wa Manono anayejua Kiluba na Kiswahili hana.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 13 aliyefika darasa la sita kwa Kifaransa. Hesabu anaijua, ila hajui kuisoma kwa Kiingereza. Akipimwa kwa lugha asiyoijua, ataonekana hajui kitu na kuwekwa pamoja na watoto wa miaka saba. Aibu hiyo humtoa shuleni pasipo kishindo, na nje ya shule yanamngoja ndoa ya mapema na kazi za dagaa ziwani. Bunduki ilimfukuza katika shule ya kwanza. Upangaji wa madarasa unamfukuza katika ya pili.

Anayebaki naye anakabiliwa na tatizo la cheti. Elimu ya msingi ya Kongo ilikuwa ya miaka sita, ya Zambia miaka saba, na mitihani haikulingana. Akivuka tena, kama wengi walivyovuka mwaka 2007, atahitaji karatasi inayosomeka pande zote mbili za ziwa.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Mweru haithibitishi kwamba shule ya kuishi ni kosa. Inathibitisha kwamba watu wa ziwa hili huja, hurejea na huja tena, hivyo shule salama ni ile inayomwandaa mtoto kwa pande zote mbili. Makala inapendekeza mambo matatu.

Kwanza, mtoto apimwe kwa lugha anayoijua kabla ya kupangiwa darasa, na yawepo madarasa ya mpito yanayotumia Kiswahili kama daraja. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019. Walimu wakimbizi wanaokijua wapo, na watambuliwe kwa ajira rasmi badala ya kuachwa katika kujitolea.

Pili, Zambia na Kongo zikubaliane kutambua vyeti, kwa kuutumia msingi uliokwisha kuwekwa na itifaki ya elimu ya SADC ya mwaka 1997.

Tatu, haki ya mtoto mkimbizi kusoma isitegemee hisani: iandikwe wazi katika sheria na ihesabiwe katika bajeti ya wilaya. Kala na Mwange zilifungwa kwa sababu hazikuwa mali ya wilaya yoyote. Shule za Mantapala zitadumu ikiwa Nchelenge itaziona, katika vitabu vyake vya hesabu, kuwa ni shule zake.